Je, Tajiri Mkubwa Awaachie Watoto Wake Mali Yote?



Juma mbili zilizopita, siku ya posho jioni, tulikuwa na mabishano katika chumba cha kulia. Yalianza na mwanafunzi mmoja wa darasa la pili, mudogo wa mwili lakini mukubwa wa kinywa. Aliuliza: "Kama baba ni tajiri kupita wote, mali yake ni ya watoto tu, ao na wengine wakule?" Pale pale moto ukawaka. Wamoja walisema: "Mutoto asipokula mali ya baba yake, nani atakula?" Wengine wakajibu: "Mutoto akipata yote bure atakuwa mvivu, ataharibu tu." Kelele zilipanda mupaka Bwana Msimamizi alikuja kuzima taa, na watu walienda kulala na hasira.

Mimi kama doyen niliahidi kutafuta katika vitabu na kuuliza walimu, kiisha niandike katika gazeti letu. Ndiyo kazi hii. Someni polepole, musiruke mistari.

1. TUNASEMA JUU YA MATAJIRI GANI?

Kwanza tupatane juu ya neno. Baba mwenye parsele moja, mbuzi tano na duka la sukari na sabuni si tajiri tunayemsema hapa. Huyo akiacha kitu, ni chakula cha watoto tu, hakuna wa kumlaumu. Tunasema juu ya watu wenye dolari miliardi moja na zaidi.

Wengi wetu tunatamka "miliardi" kama vile tunatamka "mkate". Tufanye hesabu. Chukua dolari miliardi moja. Kila siku tumia dolari 1 000, hata siku ya Mungu usipumzike. Itakuomba siku milioni moja, maana yake zaidi ya miaka 2 700. Kama mtu angeanza kutumia feza hizo wakati wa nabii Isaya, leo ndiyo angekaribia kumaliza. Na kuna watu wenye miliardi mia moja na kupita.

Basi swali si kama mtoto atakula ao hatakula. Atakula, na wajukuu watakula. Swali ni hili: mali ya namna hiyo, ambayo hakuna tumbo linaloweza kuimaliza, iende wapi mwenyewe akifa?

2. MTOTO WA MFUMA NGUO

Mtu aliyeandika juu ya swali hili kwa nguvu ni Andrew Carnegie. Alizaliwa mwaka 1835 katika mji wa Dunfermline, inchi ya Scotland. Baba yake alifuma nguo kwa mikono. Mashini za mvuke zilipokuja, kazi ya baba ikakufa. Mwaka 1848 jamaa yote ikahamia Marekani. Andrew alikuwa na miaka 13 hivi alipoingia kazini katika kiwanda cha pamba, kwa mshahara wa dolari 1 na senti 20 kwa juma. Baadaye akawa mtoto wa kupeleka barua za telegrafu. Masomo hakuendelea nayo, lakini bwana mmoja wa pale alifungulia vijana wafanyakazi vitabu vyake kila siku ya posho. Carnegie hakusahau ile.

Akapanda polepole: njia ya reli, madaraja, kiisha chuma. Mwaka 1901 aliuza kompanyi yake kwa dolari milioni 480, na wakati ule dolari ilikuwa dolari kweli kweli.

Kabla ya kuuza, mwaka 1889, alikuwa ameandika mawazo yake juu ya utajiri. Alisema kuna njia tatu za kuachana na mali nyingi. Ya kwanza ni kuwaachia watoto. Ya pili ni kuiacha kwa kazi za watu wote kiisha kufa. Ya tatu ni kuigawanya mwenyewe wakati ungali hai. Ya kwanza aliikataa, sababu aliona kwamba mara nyingi mali nyingi inamuharibu mtoto, na mzazi anaiacha kwa majivuno ya jina lake kuliko kwa upendo. Ya pili aliidharau pia: mtu anayetoa kwa kuwa hawezi kwenda nayo kaburini hana sifa. Ya tatu ndiyo aliipenda. Tena alisifu kodi kali ambayo Serikali inakata juu ya mali ya matajiri waliokufa.

Na alifanya kama alivyosema. Alipokufa mwaka 1919 alikuwa amekwisha kutoa zaidi ya dolari milioni 350. Kwa feza zake kulijengwa nyumba za vitabu zaidi ya 2 500 katika inchi mbalimbali. Na hakutoa ovyo: mji uliotaka nyumba ya vitabu ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi feza za kuitunza kila mwaka. Mke wake na binti yake mmoja hawakulala njaa, aliwawekea ya kutosha.

Lakini tusimfanye malaika. Mwaka 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, wafanyakazi waligoma sababu ya mishahara. Kompanyi ilileta walinzi wenye bunduki, wakapigana, watu wakakufa pande zote mbili. Carnegie mwenyewe alikuwa ngambo, katika Scotland, lakini kiwanda kilikuwa chake. Mtu aliyetumika saa 12 kwa siku mbele ya moto alikuwa na haki ya kuuliza: "Nyumba ya vitabu ni nzuri, lakini nitasoma saa ngapi? Si ungeniongeza mshahara?" Swali hilo tuliweke mfukoni, tutalirudilia.

3. JAMAA ILIYOACHA YOTE KWA MTOTO

Sasa tuangalie upande wa pili. Cornelius Vanderbilt alitajirika kwa mashua na reli huko New York. Alipokufa mwaka 1877 aliacha kama dolari milioni 100. Alikuwa na watoto wengi, lakini karibu yote alimpa mtoto mmoja, William, ili mali isigawanyike. Wengine walipata kidogo, na wamoja wao wakapeleka neno mbele ya tribinali. Kaka na dada walisambaza aibu za baba yao mbele ya watu wote.

Wale wa posho waliosema "mutoto ataharibu", wasikie hii: William hakuharibu. Kwa miaka minane tu aliongeza mali karibu mara mbili, mupaka kufa kwake mwaka 1885. Kwa hiyo si kweli kwamba kila mtoto wa tajiri ni mjinga.

Lakini kiisha William kulikuja watoto wake na wajukuu. Hao walijenga. Mmoja alijenga katika milima ya Carolina ya Kaskazini nyumba yenye vyumba 250, iliyofunguliwa mwaka 1895. Mwingine alijenga kando ya bahari nyumba ya vyumba 70. Na katika mji wa New York walikuwa na majumba makubwa kwenye barabara moja ya wakubwa. Leo majumba yale ya New York yamebomolewa, na zile nyumba mbili watu wanalipa tikiti kuzitembelea. Ile mali iliyokuwa ya kwanza katika Marekani yote ilimwagika kama maji katika kitunga.

Wazee wetu wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nitaongeza: na mtoto bila kazi anapotea na daftari mkononi.

4. MATAJIRI WA SIKU HIZI

Mwaka 2006 Warren Buffett, tajiri wa mji wa Omaha, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya mali yake haitaenda kwa watoto wake watatu, itaenda kwa kazi za msaada. Wazo lake ni rahisi: mtoto apewe ya kumsaidia kuanza kazi yoyote anayopenda, lakini asipewe ya kumruhusu kukaa bure. Mwaka 2010, yeye pamoja na Bill na Melinda Gates walianzisha ahadi: tajiri wa miliardi anaahidi mbele ya watu kutoa nusu ya mali yake ao zaidi. Katika Afrika, Patrice Motsepe wa Afrika ya Kusini, aliyetajirika kwa migodi, aliweka ahadi hiyo mwaka 2013. Na mwaka 2025 Bill Gates alisema atatoa karibu mali yake yote, na fondasio yake itafungwa mwaka 2045.

Fondasio ni nini? Ni chama ambacho tajiri anakipa feza zitunzwe na zitumike kwa kazi ya watu wengi: dawa, masomo, mashamba, sayansi. Feza hazirudi tena kuwa zake.

Na jambo hili halikukaa mbali na sisi. Buffett aliwapa watoto wake, si urizi wa kula, lakini fondasio za kuongoza. Mmoja wao ni Howard. Mwezi wa 12 mwaka 2015 kulifunguliwa kituo cha umeme cha Matebe, upande wa Rutshuru katika Kivu ya Kaskazini. Kina nguvu ya megawati 13 hivi na kinatumia nguvu ya maji ya mto. Ni kazi ya Parke ya Virunga, na feza nyingi za kukijenga zilitoka katika fondasio ya Howard Buffett. Basi feza ambazo zingeweza kuwa mashua ya kifahari ya mtoto mmoja zilikuwa taa katika nyumba za Kongo. Huyu mutoto wa darasa la pili aliuliza "na wengine wakule?" Jibu ni: wamoja wetu tumekula bila kujua.

Lakini tena tusikimbilie kupiga makofi. Bill Gates alisema watoto wake watapata chini ya asilimia moja ya mali. Rafiki yangu wa hesabu alicheka sana: "Doyen, asilimia moja ya miliardi mia ni miliardi moja! Hata mimi nipewe hiyo asilimia, sitalia." Ni kweli. Miaka 2 700 ya Isaya inarudi. "Kidogo" cha tajiri si kidogo chetu.

5. WALE WANAOKATAA WANASEMA NINI?

Si vizuri kusikia upande mmoja tu. Wale wanaosema mali iende kwa watoto wana maneno ya maana, nayaandika kama walivyoyaleta wenyewe.

La kwanza: mtu anatumika kwa ajili ya watoto wake. Ukimwambia kwamba watoto hawatapata kitu, atatumika kwa nguvu ya nini?

La pili: kazi kubwa inahitaji mwenyewe. Kiwanda chenye wafanyakazi mia tano, baba akikufa na kikauzwa vipande vipande, ni watu mia tano wanaokosa mkate. Mtoto aliyefundishwa anaweza kuendelesha.

La tatu: tajiri anayegawanya anagawanya kufuatana na moyo wake. Akipenda malaria, feza zinaenda kwa malaria. Asipopenda masomo ya walimu wa kijiji, walimu watangoja. Nani alimchagua? Ndiyo maana inchi nyingine hazingoji huruma ya tajiri, zinakata kodi. Katika Japani, urizi mkubwa sana unakatwa mupaka asilimia 55, na Serikali ndiyo inaamua matumizi.

La nne, na hili linatuhusu sana: huko kwao mzee ana pansheni, mgonjwa ana bima. Hapa kwetu mtoto ndiye pansheni, na jamaa ndiyo bima. Mmoja wetu alisema vizuri siku ile: "Tajiri wa Marekani anaweza sema hivi sababu mutoto wake hana njaa."

Na Biblia? Wote wawili walikuja na mistari. Wa upande wa kwanza walileta Mezali 13, ambako mtu mwema anaacha urizi hata kwa wajukuu. Wa upande wa pili walileta Luka 15: kijana aliyeomba sehemu yake baba angali hai, akaimaliza katika inchi ya mbali mupaka akatamani chakula cha nguruwe. Pasta wetu nilipomuuliza alitabasamu, akanituma kusoma Luka 12. Pale mtu mmoja anamuomba Yesu amlazimishe kaka yake kugawanya urizi. Yesu anakataa kuwa mugawanyi wao, kiisha anawaonya wote juu ya tamaa. Yaani ugonjwa unaweza kuwa kwa mwenye kushika, na unaweza kuwa kwa mwenye kuomba.

6. KWETU KONGO SHERIA INASEMA NINI?

Katika Marekani, karibu pote, mzazi anaweza kuandika kwamba mtoto wake mkubwa hapati kitu, na sheria inakubali. Katika Ufaransa hapana: mwenye watoto watatu ao zaidi, robo tatu ya mali ni yao, apende asipende. Kongo inafanana zaidi na Ufaransa.

Sheria yetu ni Kodi ya Jamaa ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, iliyogeuzwa kidogo mwaka 2016. Kwa kuifahamu, chukua mali ya marehemu (kiisha kutoa ile ambayo ni ya mjane mwenyewe kufuatana na ndoa yao), uigawanye mafungu 12:
- mafungu 9 ni ya watoto;
- fungu 1 ni la mke ao mume aliyebaki;
- fungu 1 ni la baba na mama wa marehemu;
- fungu 1 ni la ndugu zake.

Jumla 12. Watoto ni wote, vijana na wasichana sawasawa, hata aliyezaliwa inje ya ndoa kama baba alimkubali kwa sheria akiwa hai. Na mjane ana haki ya kutumia nyumba waliyokaa. Wasichana wa shule yetu, hiyo muiandike katika kaye zenu. Mabinti watano wa Selofehadi waliidai zamani mbele ya Musa, Hesabu 27, wakapewa.

Angalieni vizuri: baba wadogo na baba wakubwa wote pamoja wana fungu moja tu kati ya 12.

Hapa nitasema neno langu mwenyewe. Baba yangu alikuwa seremala. Alikufa nilipokuwa darasa la pili. Hatukumaliza kilio, na randa, misumeno na mbao zilikuwa zimekwisha kuondoka katika mikono ya watu wa jamaa ambao siwataji, sababu ni wazee wangu na ninawaheshimu. Walitaka na parsele. Iliyotuokoa ni karatasi moja ambayo baba aliweka katika sanduku la mama, yenye majina ya mama na ya sisi watoto, na muhuri. Mama aliitoa, akaiweka juu ya meza bila kusema neno. Watu waliisoma, wakainuka. Bila karatasi ile, mimi singekuwa doyen, ningekuwa nabeba magunia sokoni.

Kuna na neno lingine la Kongo, kubwa zaidi. Kabla ya kuuliza "mali iende kwa nani", tuulize "mali ni ya nani". Marehemu Mobutu alipoanguka mwaka 1997, benki za Uswisi zilifunga feza zake zilizokuwa kule. Kwa miaka kumi na zaidi watu walibishana: ni za jamaa, ao ni za raia? Mwaka 2009, franka za Uswisi milioni 7,7 zilifunguliwa na kurudishwa kwa warizi wake, sababu muda wa kushitaki ulikuwa umekwisha kupita. Ile si urizi wa duka la baba. Feza zilizotoka katika sanduku la inchi, mtoto hawezi kuzirizi kwa haki, na tajiri hawezi kuzigawanya kwa sifa. Zirudi kwanza. Ndiyo vilevile swali la mfanyakazi wa Homestead tuliloweka mfukoni: mshahara wa haki unatangulia zawadi.

7. MAWAZO YANGU

Sasa mtaniuliza: doyen, wewe uko upande gani?

Mimi ninaona hivi. Urizi ni kama fimbo. Mtoto anayejifunza kutembea, fimbo inamsaidia. Ukimpa fimbo mia moja, hatembei tena, anakaa kuzilinda. Kwa watu kama sisi, shida si fimbo mia. Shida ni kwamba ile fimbo moja inanyanganywa njiani. Kwa hiyo kwa maskini na kwa mtu wa katikati nasema kwa nguvu: waachieni watoto, na muandike. Kwa tajiri wa miliardi nasema: mtoto wako apate nyumba, masomo na mwanzo wa kazi. Kinachobaki kilipe kwanza wale waliotumika, kilipe kodi, kiisha kifanye kazi ya wengi wakati ungali na macho ya kuona. Kama mtoto wako anajua kazi ya kiwanda kama William, mwachie kiwanda aongoze. Kama hajui, usimpe kwa sababu ya jina tu.

Baba yangu hakuacha feza. Randa zilikwenda. Lakini kila siku ya posho alikuwa ananiita kushika mbao na kupima, na aliuza kitanda chake kizuri kulipa minervali yangu ya kwanza. Vitu viwili hivyo hakuna mtu wa jamaa aliyeweza kuvibeba. Likizo iliyopita nimetengeneza mabanko manne ya kanisa, na mama alinunua unga na mafuta kwa feza hizo.

Basi ndugu wanafunzi, mukirudi nyumbani likizo hii, uliza baba ao mama kwa adabu, si kwa tamaa: "Karatasi ya parsele iko wapi, na ina majina ya nani?" Wengine watakasirika, watasema unawatakia kifo. Vumilia, uliza tena siku nyingine. Na wewe ambaye baba yako ana makamyo, usingoje makamyo. Jifunze kuyatengeneza.

Mwenye kukataa mawazo yangu aandike, aweke karatasi yake katika sanduku la gazeti mbele ya biro ya Bwana Prefe. Tutaichapa, hata kama ni ya yule mutoto wa darasa la pili.

Doyen wa wanafunzi, darasa la sita